Mwalimu Aliyewalea Watoto wa Wenziwe

Ndugu wasikilizaji, makamanda, askari wa jeshi na polisi mlio zamuni usiku huu katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu mdomo wa Mto Ruvuma, Palma na Mocímboa da Praia hadi vijiji vya Macomia, nanyi wenzao mnaolinda ng'ambo ya mto upande wa Tanzania. Leo ni tarehe 3 Februari, Siku ya Mashujaa wa Msumbiji. Siku kama hii, mwaka 1969, mjini Dar es Salaam, Dakta Eduardo Chivambo Mondlane, Rais wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.

Kila mwaka habari za kifo hicho husimuliwa katika magwaride, na ni haki zisimuliwe. Hata hivyo naona tumezoea kumkumbuka kama kiongozi wa vita tu, tukaisahau kazi aliyoisomea na kuipenda, yaani kufundisha, na ile nyingine aliyoifanya pasipo kupigiwa ngoma, yaani kuwalea watoto ambao hakuwazaa. Mazungumzo ya leo yanahusu kazi hizo mbili. Ninyi askari zinawahusu kuliko raia wengi wanavyodhani.

Katika lugha yetu neno kambo halina sifa njema. Hadithi za bibi zetu zimejaa mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula na kumtwisha ndoo kubwa kuliko kichwa chake. Baba wa kambo hana hata hadithi. Hutajwa kwa kupita, kana kwamba ni mgeni aliyeingia nyumbani mvua ikinyesha. Tena wazee wana usemi kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usemi huo ni wa kweli kwa sehemu. Lakini nchi ambayo imepigana vita tatu katika muda wa miaka sitini haiwezi kuutegemea usemi huo peke yake, kwa sababu wazazi wenyewe mara nyingi hawapo tena.

Mondlane alilijua jambo hili katika maisha yake mwenyewe. Alizaliwa tarehe 20 Juni, 1920, katika sehemu za Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini kabisa mwa nchi, mtoto wa mtawala wa jadi. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, na mama naye akamfuata kabla kijana hajawa mtu mzima. Kwanza alichunga mifugo kama wavulana wote wa kijijini. Ni mama yake aliyemsukuma aende shule, akiona kwamba nguvu ya wageni waliowatawala ilikuwa katika maarifa yao, na kwamba mtoto wa Kiafrika aliweza kuyapata maarifa hayo hayo. Mama alipokwisha kufa, waliobaki kumshika mkono yatima huyo walikuwa jamaa zake wa ukoo na walimu wa misheni ya Kiprotestanti ya Waswisi. Mmoja wao, André-Daniel Clerc, alikuwa kwake kama mzazi, na masimulizi ya utoto wa Mondlane yakatolewa kitabu kwa Kifaransa mwaka 1946. Yafaa tulikumbuke hilo kila tunapomwita Baba wa Taifa. Huyo baba alilelewa na watu baki.

Chini ya utawala wa Wareno, njia ya mtoto wa Kiafrika kwenda shule ilikuwa nyembamba mno. Kwa mapatano ya mwaka 1940 serikali ya Lisbon iliikabidhi misheni ya Kikatoliki elimu ya wenyeji, na elimu hiyo kwa wengi ilikuwa sala, Kireno kidogo na kazi ya shamba. Katika pwani ya Wamwani, watoto walikwenda zaidi chuoni kwa walimu wa Kurani, wakasoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na Mreno akawahesabu kuwa hawajasoma. Ilipofika siku ya uhuru, mwaka 1975, ilikadiriwa kwamba watu 93 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika.

Mondlane aliipita njia hiyo nyembamba kwa ubavu. Alisoma Afrika Kusini, akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1948, na mwaka uliofuata serikali ya makaburu ikamfukuza nchini. Akaenda Lisbon mwaka 1950, ambako polisi wa siri hawakumwacha apumue. Akavuka bahari mpaka Marekani, akapata shahada yake ya kwanza Chuo cha Oberlin mwaka 1953, na ile ya udaktari Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi kwa raha na kuzeeka katika maktaba. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, yeye akachaguliwa Rais, na mwaka 1963 akauacha ualimu wa Marekani, akahamia Dar es Salaam pamoja na mkewe Janet na watoto wao.

Sasa angalieni jambo alilolifanya katika mwaka huo huo. Bunduki ya kwanza ya FRELIMO ilikuwa haijalia bado. Ililia Chai, wilaya ya Macomia, usiku wa tarehe 25 Septemba, 1964, chini ya kikosi cha Alberto Chipande. Kabla ya bunduki, Mondlane na mkewe walikwisha kuanzisha shule. Iliitwa Taasisi ya Msumbiji, ikajengwa Kurasini, karibu na bandari ya Dar es Salaam, na Janet ndiye aliyeiongoza. Shirika la Ford la Marekani lilitoa fedha za kwanza, Ureno ikalalamika kwa rafiki zake, na msaada huo ukakatika; wakafuata wafadhili wengine, hasa wa nchi za Skandinavia.

Wanafunzi wake walikuwa nani? Walikuwa vijana waliovuka Ruvuma kwa miguu na kwa mitumbwi. Wamakonde wa nyanda za Mueda, ambako tarehe 16 Juni, 1960 Wareno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika mbele ya ofisi ya serikali. Vijana wa pwani. Vijana wa Niassa, wa Tete, wengine kutoka kusini kabisa waliosafiri kupitia nchi tatu au nne. Wengi waliwaacha wazazi wao nyuma na hawakujua kama wangewaona tena. Nyumba kama hiyo haiwezi kuwa shule tu. Mtoto akiugua usiku hapana mama wa kumwita, na mkubwa wa shule hana budi kuwa mzazi, apende asipende.

Lakini hapa pana jambo ambalo hotuba nyingi za sikukuu hulikwepa, nami sitalikwepa, kwa kuwa kila baba wa kambo anayenisikiliza atalitambua mara moja. Ilifika siku watoto hao wakamwambia mlezi wao kwamba yeye si baba yao.

Chama kilitoa agizo kwamba kila mwanafunzi awe tayari kuyakatiza masomo na kwenda kufanya kazi katika mapambano, kufundisha, kuuguza au kupigana. Baadhi ya wanafunzi wa Kurasini wakakataa. Walikuwa wametazamia nafasi za masomo ng'ambo. Wakaongeza maneno makali: kwamba Mondlane ni mtu wa kusini anayewapeleka watu wa kaskazini kufa, na kwamba mkewe ni mzungu. Katika mwezi wa Machi 1968 fujo zikazidi hata shule ikafungwa. Mwezi wa Mei ofisi ya chama mjini ikavamiwa na mtu mmoja, Mateus Sansão Muthemba, akapoteza maisha.

Mimi siwahukumu vijana wale kwa neno moja. Kijana aliyetembea majuma mengi ili apate kitabu, ukimwambia akiweke chini, hana budi kuumia, na madai yao mengine yalistahili kusikilizwa kwa utulivu. Lakini swali lililokuwa mbele ya Mondlane lilikuwa zito. Je, elimu ni ngazi ya mtu mmoja kupandia darini, kisha aivute juu nyuma yake? Shule ile haikujengwa kwa jasho la wazazi wa wanafunzi wenyewe tu. Ilibebwa na wakulima wa Cabo Delgado waliokuwa wakipeleka unga na mihogo kwa wapiganaji, huku watoto wao wenyewe wakijifunza herufi chini ya mwembe, wakiandika mchangani kwa vijiti na kuhama kila ndege za Mreno zilipowagundua. Katika shule hizo za porini mwalimu mara nyingi alikuwa askari aliyemaliza madarasa matatu au manne, bunduki imeegemea mti. Aliyejua alimfundisha asiyejua. Kiswahili, ambacho Wamakonde na Wamwani wengi walikuwa nacho tangu siku za kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kiliwasaidia watu wa makabila mbalimbali kuelewana kambini, na Kireno nacho wakakisoma humo humo, kabla Mreno hajaondoka.

Mondlane hakuyumba. Hakuwafukuza watu wa kaskazini, wala hakukimbilia kwa watu wa kusini. Katika Mkutano Mkuu wa Pili wa chama, uliofanyika ndani ya nchi yenyewe, Matchedje, mkoa wa Niassa, mwezi wa Julai 1968, alichaguliwa tena. Miezi ile ilikuwa ya hatari. Mwezi wa Desemba kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa akiwa njiani kuingia Cabo Delgado, na mwanzoni mwa mwaka 1969 kiongozi wa mkoa huo, Lázaro Nkavandame, akaondolewa madarakani baada ya mabishano marefu juu ya biashara na uongozi. Mwezi mmoja haukupita, kile kifurushi kikafika. Mondlane alikichukua pamoja na barua zake, akaenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, akaketi, akakifungua. Waliokituma walijua wanamtumia nani. Mtu mwingine wangemtafutia mtego mwingine. Mwalimu walimpelekea kitabu.

Nimesema kwamba mambo haya yanawahusu ninyi, na sasa nieleze kwa nini.

Miongoni mwa vijana waliopita Kurasini alikuwamo binti mmoja kutoka kusini, Josina Muthemba, aliyezaliwa Vilankulo mwaka 1945. Alifika Tanzania mwaka 1965, akamsaidia Janet Mondlane katika kazi za shule. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa, na mwaka 1967 akaenda Nachingwea kujifunza uaskari pamoja na wasichana wenziwe wa Kikosi cha Wanawake. Kazi yake kubwa katika Cabo Delgado haikuwa ya kufyatua risasi. Alianzisha na kusimamia vituo vya kuwatunza watoto yatima na watoto waliotengwa na wazazi wao kwa ajili ya vita, akawahimiza wazee wawaache mabinti wasome. Mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel, wakazaa mtoto wa kiume. Aliendelea kuzunguka mikoa ya vita kwa miguu hali mwili umekwisha kudhoofika, na tarehe 7 Aprili, 1971 akafariki Dar es Salaam, umri wake miaka 25. Siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Yule mlezi wa mayatima akawa ameacha yatima. Mtoto wake alikuwa hajatimiza hata miaka miwili.

Nani alimlea? Mwaka 1975 Samora Machel alimwoa mwalimu, Graça Simbine. Naye alizaliwa yatima: baba yake, mhubiri wa Kimethodisti, alikufa majuma machache kabla hajazaliwa, akiwa ameusia kwamba mtoto atakayezaliwa asomeshwe, na ndugu zake wakubwa wakautimiza wosia ule. Alisoma Lisbon, akajiunga na FRELIMO mwaka 1973, akapitia mafunzo ya kijeshi, akafundisha katika shule ya sekondari ya chama huko Bagamoyo. Katika nyumba ya Rais alimkuta mtoto wa Josina pamoja na watoto wengine wa Samora, akawachukua wote, na wawili aliowazaa mwenyewe wakaja kuongezeka juu ya hao. Wakati uo huo alikuwa Waziri wa Elimu na Utamaduni wa nchi nzima. Watoto wa shule za msingi, waliokuwa kama laki saba mwaka 1975, walikaribia milioni moja na nusu mwaka 1979, na hesabu ya watu ya mwaka 1980 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi 72 katika kila 100. Halafu vita vya ndani, vilivyodumu hadi mwaka 1992, vikazichoma shule hizo kwa mamia, na walimu wakauawa pamoja na wanafunzi wao.

Samora alikufa katika ajali ya ndege ya Mbuzini tarehe 19 Oktoba, 1986. Mama huyo akabaki na watoto, wa kuzaa na wa kambo, bila kuwapambanua. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuchunguza jinsi vita vinavyowaathiri watoto duniani, na mwaka 1996 akatoa taarifa ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hiyo. Taarifa ile haikuandikwa kwa ajili ya waalimu na wauguzi tu. Inasema na askari. Inamwambia kwamba mtoto aliyetiwa bunduki mkononi kwa nguvu ni mtu aliyedhulumiwa kwanza, na kwamba shule si mahali pa kupiga kambi wala shabaha ya kulenga. Mwaka 2000 mataifa yakakubaliana, katika nyongeza ya Mkataba wa Haki za Mtoto, kwamba asiyetimiza miaka 18 asilazimishwe kuingia jeshini.

Hapo ndipo tulipo katika pwani hii. Tarehe 5 Oktoba, 2017, walioshambuliwa kwanza Mocímboa da Praia walikuwa polisi, katika vituo vyao. Mwaka 2020 mji huo ulitekwa, ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilivamiwa Machi 2021. Katika miaka hiyo watu waliokimbia makwao walikaribia milioni moja, na sehemu kubwa yao hawakuishi katika mahema; walipokewa na jamaa na hata watu wasiowajua, huko Pemba, Metuge, Montepuez na Mueda, nyumba ya watu sita ikawa ya watu ishirini. Wavulana na wasichana wengi walichukuliwa porini kwa nguvu.

Askari ndiye wa kwanza kumwona mtoto wa namna hiyo anapotoka msituni. Saa ile hakuna mwalimu, hakuna mama, hakuna afisa wa ustawi wa jamii. Kuna wewe na bunduki yako na mtoto aliyefundishwa kukuogopa. Lile utakalolitenda katika dakika kumi za kwanza, ukimpa maji au ukimpiga kofi, ukimwuliza jina la mama yake au idadi ya risasi, litakaa naye muda mrefu. Najua wapo miongoni mwenu waliozika wenzao, na moyo wa mtu si jiwe. Ndiyo maana amri za kijeshi juu ya mtoto lazima ziwe wazi kabla ya doria, wala zisiachiwe hasira ya siku ile. Mtoto atenganishwe na watu wazima, asihojiwe kwa vitisho, akabidhiwe upesi kwa wahusika wa raia.

Kuna na jambo jingine, la nyumbani zaidi, ambalo halimo katika taarifa yoyote ya Umoja wa Mataifa. Wajane wa vita hivi wameolewa tena, na baadhi ya waume ni askari. Huko kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana kauli kubwa juu yake, hata baba wa kambo akajiona hana mahali. Huku kwa Wamwani dini imekwisha kulifunga suala la mali: kilicho cha yatima ni amana, haliwi hata punje. Lakini mila zote mbili hazimkatazi mwanamume kumpeleka mtoto wa mkewe shuleni, kumnunulia daftari, na kumsikiliza akisoma jioni. Mtoto akisema, kama wale wa Kurasini, wewe si baba yangu, neno hilo liachwe lipite. Mwenye kulitamka anaomboleza.

Mwaka wa masomo nchini Msumbiji huanza majira haya. Mtoto asiye na hati ya kuzaliwa, kwa kuwa hati ziliungua pamoja na nyumba, anahitaji mtu mzima wa kwenda naye katika ofisi ya usajili kabla ya kufika shuleni, na foleni huko ni ndefu. Askari mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani kwake amwombe kamanda wake ruhusa ya siku moja juma hili, na makamanda wasiwanyime.